Kitufe cha kukataa kiko wapi?

Makala moja niliyoisoma inasema duka la mtandaoni lazima liweke kuki, yaani faili ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye simu yako, na vidirisha vya kuomba uzikubali. Sikubali. Kuki ya kukumbuka kikapu cha mnunuzi haihitaji ruhusa, hata kwa sheria za Ulaya. Inayohitaji ni ile ya kumfuatilia mtu kwa matangazo. Tena tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa.

Hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, mama mdogo ananunua mega kidogo za intaneti atafute bei ya vitenge. Kidirisha kinafunika simu nzima, kwa Kifaransa asichokisoma vizuri. Anabonyeza kukubali, maskini, apite tu! Sheria yetu ya kidijitali ya 2023 inalinda data za watu. Wafanyabiashara wa Bukavu, wekeni «Kataa» kando ya «Kubali», kwa ukubwa uleule, na kwa Kiswahili.