Posho, kwa Kiswahili cha Lubumbashi

Soko la Kenya, saa kumi na moja jioni. Mama wa bunga, unga wetu wa mahindi, anajaza meka, chombo chake cha kupimia, anaisindilia kwa kiganja, halafu anarudi kwenye kile kilima cha juu ambacho kila mnunuzi hukitolea macho. Zamani kilima kilisimama. Siku hizi anapitisha mkono, bunga inabaki sawasawa na ukingo, na hakuna wa kumgombeza, maana na yeye gunia analinunua kwa bei inayouma.

Mbele yangu alisimama jirani yangu wa Katuba, mwalimu wa shule ya msingi.

"Ba mwalimu, tunaandika tena?"

"Tuandike, mama."

Daftari likatoka chini ya meza. Redio ya muuza mafuta wa pembeni ilikuwa inaeleza kwamba nchi iko vitani, hazina imebanwa, kila mtu avumilie. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakadakia. Mwalimu hakucheka, alikuwa anaangalia meka.

Mimi sioni kama watu wa hapa wanakataa kuvumilia. Tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, nani hapa Lubumbashi hajui kwamba vita inakula falanga? Tena kuvumilia ndiyo kazi tuliyosomea kuliko zote. Kinachowasha watu ni meka mbili: moja, ya wabunge na mawaziri, inapangwa juu mpaka inamwagika, nyingine, ya mwalimu, inapanguswa, na anayepangusa ndiye anayetuhubiria.

Fungua Katiba ya Kongo ya 2006. Kifungu cha 36 kinasema mfanyakazi apate malipo ya haki na ya kutosha, ili yeye na jamaa yake waishi kwa heshima ya mtu. Kifungu cha 109 kinasema wabunge na maseneta wapate malipo ya haki yatakayolinda uhuru wao na heshima yao. Heshima huku, heshima kule. Kitabu ni kimoja.

Sasa ya mwalimu ni kiasi gani? Mwaka wa 2004, kule Mbudi, Kinshasa, serikali na vyama vya wafanyakazi wa serikali walikubaliana kwamba tarishi wa ofisi, yule wa chini kabisa, apate dola 208 kwa mwezi, na katibu mkuu wa wizara apate mara kumi yake. Mbudi tunaitaja mpaka leo kama watu wanaotaja mchumba aliyeahidi kurudi. Elimu ya msingi ikawa bure Septemba 2019, wazazi wakapumua, na darasa la jirani yangu likafurika hadi watoto wanakaa chini. Septemba 2024 walimu walipogoma, wengi walidai dola 500. Hiyo ndiyo ndoto yao. Wapo hata walimu wanaofundisha miaka na miaka bila majina yao kuingia kwenye orodha ya malipo, wale tunaowaita NP (non payés, wasiolipwa), na hao hawana hata cha kudai nyongeza juu yake.

Upande wa pili, mwanasiasa wa upinzani Martin Fayulu alitamka hadharani kwamba mbunge wa taifa anapokea dola 21,000 kwa mwezi. Ichukue namba hiyo, iweke kando ya ndoto ya walimu: mbunge mmoja ni walimu 42, yaani shule saba za madarasa sita sita. Ukiiweka kando ya Mbudi, ni kama tarishi mara mia. Ni ya mpinzani, ndiyo, na mpinzani ana yake. Lakini kama si kweli, dawa ni rahisi: wachapishe karatasi ya malipo ya mbunge mmoja, mstari kwa mstari, tuisome.

Wakenya (wa Nairobi, si wa soko letu) wanatupita hapo. Julai 2024 walipokasirikia nyongeza ya wabunge wao, walikuwa na namba mkononi: kutoka shilingi 725,502 hadi 739,600 kwa mwezi. Waligombana juu ya shilingi elfu kumi na nne hivi, na nyongeza ikasimamishwa. Sisi tunagombana na uvumi. Novemba 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi, waziri mkuu Bruno Tshibala alisaini malipo ya kila mwezi kwa mawaziri wa zamani, maisha yao yote. Watu walikuja kuyasikia mwaka uliofuata. Kisha 2022 wabunge wakagawiwa jipu za Hyundai Palisade, na hizo angalau tuliziona kwa macho, zikiyumba kwenye mashimo yetu yaleyale.

Niwe mkweli kidogo upande wao. Mbunge akishuka tu uwanja wa Luano, habari imefika Ruashi kabla ya sanduku lake. Asubuhi mlangoni kwake kuna foleni: huyu ana kilio, yule mtoto amefukuzwa chuoni, mama fulani amezuiwa hospitali na kichanga chake kwa sababu ya deni. Asipotoa, uchaguzi ujao tutamkumbusha. Nimewahi kukaa kwenye foleni kama hiyo, kwa ajili ya jeneza la mjomba, na nilitoka na bahasha. Sikumuuliza imetoka wapi. Basi na sisi tumo. Ila yule mama aliyezuiwa na kichanga chake angeweza kutoka hospitali bila kumjua mbunge yeyote, kama fedha ile ingepitia mlango wa hospitali badala ya mfuko wa mtu. Bahasha inatufanya tumshukuru mtu kwa kile kilichokuwa chetu.

Na lile neno. Kiswahili cha Dodoma kinaita marupurupu ya wabunge posho: posho ya kikao, posho ya safari. Mzee wa Lubumbashi ukimtajia posho, anawaza bunga. Ni chakula ambacho Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, iliwapimia wafanyakazi wa kambi kila wiki, kwa familia, kwa vichwa.

Wazee haohao walitusimulia 1941. Ilikuwa vita ya Hitler, shaba ya Katanga inatakiwa haraka, bei sokoni zimepanda, na wafanyakazi wanaambiwa wajikaze kwa ajili ya vita. Wazungu wa kampuni walikuwa wametangulia kudai yao, wakasikilizwa. Weusi walipogoma Desemba, waliitwa kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9, gavana Maron akiwa papo hapo, askari walifyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Sisemi leo ni sawa na siku ile. Nasema katika mji huu neno "vumilieni, ni vita" lina kaburi lake, na anayelitamka redioni afikirie kwanza yuko wapi.

Mwaka wa 2025 kima cha chini cha mshahara kilipanda hatimaye, kutoka falanga 7,075 kwa siku, kilipokuwa kimelala tangu 2018, hadi 14,500, na ngazi ya pili ya 21,500 ikawekwa Januari 2026. Ya mdogo hupanda kwa ngazi, huku anaombwa asitazame juu.

Jumamosi nilimkuta tena jirani yangu pale sokoni. Mshahara ulikuwa umeingia. Mama wa bunga alifungua daftari, akafuta mistari minne kati ya saba, akamwonyesha mitatu iliyobaki kwa ncha ya kalamu. Kisha akachukua meka, akaijaza, na safari hii mkono haukupita juu.