Mkesha madoa na ramani inayomponza

Kusi ikianza, mkesha madoa hurudi Gede, pwani ya Kenya. Ni ndege wa chini, hupekua majani makavu kati ya kuta za magofu, na akitulia humwoni tena: madoa meusi ya kifuani huchanganyika na vivuli vya miti. Kaskazi ikikaribia, kashaondoka.

Mikesha walio hatarini wakitajwa Kenya, wa kwanza huwa yule wa Taita, na ni haki yake. Hana kwao kwingine duniani. Hesabu inayotumika sana ni ndege 1,350 hivi, 1,060 kati yao wakiwa msitu wa Mbololo peke yake, mmoja wa misitu ya vilima vya Taita. Katika misitu mingine ya huko, Ngangao kama 250, Chawia hata 40 hawafiki. Moto mmoja mkali Mbololo unatosha kuwamaliza wengi wao. Hapo sibishi.

Ninachobisha ni ile kauli kwamba mkesha madoa, kwa kuwa yupo toka Sudan Kusini hadi Afrika Kusini, ana nafuu. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imewapanga wote wawili daraja moja, la walio hatarini kutoweka. Ile ramani ndefu ni viraka: kipande cha msitu hapa, kingine mbali kule. Mikesha wa Malawi ni jamii nyingine, hawaji kuziba pengo la Gede. Wanaohamahama kwenye pwani yetu viota vyao vilipatikana msitu wa Rondo, kusini mwa Tanzania.

Mkesha wa Taita ukimtunzia kilima chake umemtunza mwaka mzima. Huyu wetu ana nyumba mbili, kila moja na mwenyewe. Miti ikiangushwa Rondo, Gede haina la kufanya. Mti wa muhugu ukiibwa Arabuko-Sokoke, msitu ulio jirani na Gede, kwa kazi ya vinyago, Rondo haina habari. Katikati kuna safari ya usiku. Afrika Kusini, wenzao wanaohama wamewahi kuokotwa wamekufa baada ya kugonga madirisha ya vioo, nami nikipita kwenye mahoteli yetu ya ufuoni yanayowaka taa hadi alfajiri, hilo hunijia.

Mwenye shilingi moja tu aipeleke Taita, simlaumu. Lakini Gede haidai nyingi. Magofu yanalindwa kisheria tangu 1927, na mwaka 2024 yaliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO. Heshima hiyo, lakini, ni ya mawe. Wageni wakiongezeka njia zitapanuliwa, majani yatafagiwa ili pawe safi, na chakula cha mkesha kiko chini ya majani hayo hayo.