Phnom Penh na mgeni wa siku moja

Madereva wa bajaji wanaosubiri nje ya hosteli za Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, hutembea na karatasi ya picha iliyofunikwa plastiki. Ya kwanza ni gereza la Tuol Sleng, ya pili makaburi ya Choeung Ek. Na kwa miaka mingi ya tatu ilikuwa bunduki, yaani uwanja wa shabaha ambako mgeni hulipia kufyatua AK-47. Jioni ni bia kando ya mto Tonle Sap. Kijana mwenye begi mgongoni anayamaliza yote kwa siku moja, na alfajiri yake yuko kwenye basi la Siem Reap kwenda kuona mahekalu ya Angkor.

Ratiba hiyo imezua ubishi wa miaka mingi. Wapo wanaosema ni kuugeuza msiba wa watu kuwa maonyesho. Wapo wanaosema bila wageni hao dunia ingekuwa imeshasahau. Mimi naona kila upande una hoja nzito, ila pande zote mbili zinamkagua mgeni pale getini tu: kavaaje, kacheka, kapiga picha? Swali la alikaa siku ngapi haliulizwi.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji wa kikomunisti wa Khmer Rouge, chini ya Pol Pot, waliingia Phnom Penh na kuutoa mji mzima kwa siku chache. Watu wapatao milioni 2 waliswagwa kwa miguu kwenda mashambani, hata wagonjwa wa hospitali wakisukumwa juu ya vitanda vyao. Utawala ule ulidumu miaka 3, miezi 8 na siku 20, hesabu ambayo Wakambodia wanaijua kwa moyo, hadi majeshi ya Vietnam yalipouteka mji tarehe 7 Januari 1979. Njaa, maradhi, kazi za sulubu na mauaji vilikuwa vimeondoka na watu kati ya milioni 1.5 na 2, karibu robo ya wananchi wote.

Kabla utawala ule haujaigeuza gereza, Tuol Sleng ilikuwa shule ya sekondari, na hilo ndilo linalomkata mtu maini anapoingia. Majengo ni ya ghorofa, yana veranda ndefu, uwanja uko katikati, kama shule yoyote uliyosoma. Ndani ya darasa, juu ya vigae, kimebaki kitanda cha chuma na pingu zake. Ukutani ipo picha ya maiti iliyokutwa juu ya kitanda kile Januari 1979. Veranda za jengo jingine zimezibwa kwa seng'enge ili wafungwa wasijirushe wafe. Kisha zinafuata picha za wafungwa, safu juu ya safu, kwa sababu kila aliyeletwa alipigwa picha kwanza. Mama mmoja kampakata mtoto mchanga, anatazama kamera. Waliopita hapo ni zaidi ya 14,000, na waliotoka hai wanahesabika. Mkuu wa gereza, Kaing Guek Eav aliyeitwa Duch, kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hisabati.

Wanaozitetea ziara hizi wanaanzia hapo, na nawaelewa. Kijana wa miaka 22 aliyefika kwa ajili ya bia anatoka kwenye vyumba vile akiwa hasemi kitu. Manusura kama Chum Mey na Bou Meng walikaa miaka mingi kwenye uwanja huohuo wakiuza vitabu vya maisha yao, na wageni ndio waliokuwa wakivinunua na kuwasikiliza. Nchini kwenyewe mambo haya yalichelewa kufundishwa: kitabu cha kiada kilichoandikwa na Mkambodia kuhusu utawala ule kilitoka mwaka 2007. Mgeni kuuliza maswali kumesaidia, angalau kwa kuwaweka wenye mamlaka macho.

Tena yupo msafiri mmoja ambaye namkumbuka kila ninaposikia wasafiri wakibezwa. Kerry Hamill wa New Zealand alikuwa kijana wa miaka ya ishirini akizunguka Asia kwa mashua ya tanga na wenzake. Agosti 1978 mashua iliingia maji ya Kambodia, ikashambuliwa, na yeye na Mwingereza John Dewhirst wakaishia Tuol Sleng. Walilazimishwa kuandika kwamba ni majasusi wa CIA. Hamill akaandika kwamba mkuu wake ni Colonel Sanders, yule mzee wa kuku wa kukaanga, na kwamba mwalimu wake aliitwa S. Tarr. Ukilitamka kwa Kiingereza unasikia Esther, jina la mama yake. Alikuwa anamuaga mama yake humohumo kwenye karatasi ya watesaji, na mdogo wake, Rob Hamill, aliyasimulia hayo mwaka 2009 mbele ya mahakama ya Phnom Penh iliyokuwa ikisikiliza kesi ya Duch.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Tuol Sleng imelazimika kubandika vibao vya uso unaocheka uliokatwa kwa mstari mwekundu. Mwaka 2016 watu walifukuzwa humo kwa kucheza Pokémon Go, mchezo wa simu. Mwaka 2021 msanii mmoja wa Ulaya alizitia rangi picha za wafungwa, na baadhi yao akawachorea tabasamu, hadi Wizara ya Utamaduni ya Kambodia ikapinga hadharani. Na ile safari ya bunduki mimi siitetei kwa lolote. Mtu aliyetoka kutazama mafuvu hana sababu ya kwenda kununua risasi saa nane mchana.

Suala la mafuvu ndilo gumu kuliko yote. Choeung Ek, walikopelekwa kuuawa wafungwa wa Tuol Sleng, kama kilomita 15 kutoka mjini, yalihesabiwa makaburi ya halaiki 129, na mwaka 1980 ikafukuliwa miili karibu 9,000. Mafuvu yamepangwa ndani ya mnara wa vioo uliojengwa mwaka 1988, na mvua ikinyesha vipande vya nguo na meno bado vinaibuka njiani. Kwa Mbudha, mfu huchomwa na kufanyiwa ibada. Mfalme Norodom Sihanouk mwenyewe alitaka mabaki yale yachomwe ili roho zipumzike. Serikali ilikataa, ikisema ni ushahidi. Ukienda Nyamata nchini Rwanda utakuta mifupa kanisani na mjadala huohuo. Lakini mgeni hakuyapanga yeye. Makumbusho ya Tuol Sleng yalianzishwa mwaka 1979 na utawala uliowekwa na Vietnam, na wajumbe wa kigeni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuoneshwa, ili waamini. Ramani ya nchi iliyotengenezwa kwa mafuvu ilining'inia ukutani hadi mwaka 2002. Na walikuwa na sababu ya kutaka kuaminiwa: katika miaka ya 1980 kiti cha Kambodia kule Umoja wa Mataifa kiliendelea kushikwa na upande wa Khmer Rouge, kwa kura za nchi za Magharibi na China. Wengi wa vijana hawa wa mabegi wanatoka nchi hizohizo za Magharibi. Kwenda kwao kuangalia naona ni deni.

Kosa ninaloliona mimi ni kuutazama mji kana kwamba uliishia mwaka 1979. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hafiki hata ya pili. Chukua ziwa Boeung Kak, humohumo mjini. Zamani wasafiri wa bei nafuu walilala hapo, kwenye nyumba za mbao zilizosimama juu ya maji. Mwaka 2007 eneo lilikodishwa kwa kampuni moja kwa miaka 99, mwaka uliofuata likaanza kujazwa mchanga, na maelfu ya familia zikaondolewa. Wanawake wa pale waliandamana miaka nenda rudi. Mei 2012 walihukumiwa 13, wakaachiwa mwezi uliofuata. Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa sababu ya ziwa hilo. Watu waliokuwa wakiwatandikia wageni vitanda walisogezewa mchanga mlangoni, na wageni wakahamia tu hosteli za mitaa mingine, ratiba ikabaki ileile.

Kwa hiyo ningekuwa na ndugu anayekwenda huko, ningemwambia aende Tuol Sleng asubuhi na asipange kitu kingine siku hiyo. Kesho yake aende kituo cha Bophana, alichokianzisha mtengeneza filamu Rithy Panh, akaone filamu za zamani za nchi hiyo bila kulipa. Atafute nyimbo za mwimbaji Sinn Sisamouth, ambaye hakutoka hai katika miaka ile na ambaye Wakambodia hawajaacha kumsikiliza. Na jua likianza kuzama apande ngazi za uwanja wa michezo uliobuniwa na msanifu majengo Vann Molyvann na kufunguliwa mwaka 1964. Huko juu akina mama hupanga mistari, mtu anafungulia spika, na mazoezi yanaanza. Mgeni akiingia mstari wa nyuma wanamwachia nafasi.