Wanaobaki si wagonjwa

Kuna mwandishi anadai nyumbu wanaobaki Serengeti wakati wenzao wanahama ni wazee na wagonjwa walioshindwa safari. Si kweli. Kirawira, kando ya mto Grumeti, kuna makundi kamili ya wakazi, yaani nyumbu wasiohama: madume, majike na ndama. Ndani ya kreta ya Ngorongoro ndiyo usiseme; chemchemi ya Ngoitokitok na mto Munge hutoa maji mwaka mzima, wengi wao watoke kwenda wapi? Huko dume mkazi hushikilia eneo lake miezi na miezi. Dume mhamaji huweka mipaka kwa saa au siku chache tu, kisha kundi linamwacha. Kinachowavuta wahamaji ni nyasi fupi za Ndutu, kusini mwa Serengeti, zilizoota juu ya majivu ya volkano yenye kalsiamu na fosforasi, madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji sana. Lakini mvua zikikatika, kuanzia Mei hivi, madimbwi hukauka na yanayobaki huwa ya chumvi. Hapo huondoka, wapende wasipende. Faida nyingine ya kuhama: simba mwenye watoto hawezi kuwafuata, ilhali mkazi analala na simba walewale kila usiku, ndiyo maana makundi ya wakazi hayakui ovyo. Na swala granti je, mbona maji yakikauka halazimiki kuondoka? Huchuma maji kwenye majani, hana haja ya mto. Mlio upande wa Narok, Kenya, nyumbu wa tambarare za Loita bado wanashuka Masai Mara kiangazi, au sengenge zimewafungia njia?