Injini ya leo ndani ya Camaro ya 1969: nani ana haki?

Wanaopinga kuwekwa kwa injini mpya kwenye magari ya misuli ya Kimarekani, yaani magari ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa, husahau kwamba gari lililoanzisha mtindo huo lenyewe lilizaliwa kwa kubadilishiwa injini. Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa Tempest, gari la familia la saizi ya kati. Wahandisi waliokuwa chini ya John DeLorean walilitilia V8, injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 389, karibu lita 6.4, ilhali General Motors ilikuwa imeweka kikomo cha inchi 330 kwa magari ya ukubwa huo. Wakapita uchochoroni: wakaisajili kama nyongeza ya hiari ya mteja, siyo modeli mpya. Mwaka 1967 Don Yenko, muuza Chevrolet wa Pennsylvania, alikuwa anang'oa injini za Camaro, gari la misuli la Chevrolet, zikiwa mpya kabisa na kuingiza V8 ya inchi 427. Leo hizo Camaro zake ndizo zinazotunzwa kama mboni ya jicho, tena na watu walewale wanaolia kwamba kubadili injini ni kuharibu historia.

Lakini upande wa wahafidhina una hoja moja nzito. Kuanzia modeli za 1968, Chevrolet iligonga sehemu ya namba ya utambulisho wa gari kwenye bloku ya injini, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuthibitisha kama gari na injini vilitoka kiwandani pamoja. Zikilingana, bei inapanda sana. Huku kwetu namba ya injini inamsumbua mwenye gari kwa sababu imeandikwa kwenye kadi. Kule inamsumbua kwa sababu imeandikwa kwenye bei. Camaro ZL1 ya 1969, yenye 427 ya aluminiamu tupu, zilitengenezwa 69 tu. Anayetia grenda kwenye gari la namna hiyo ameondoa kitu ambacho hakuna fedha itakayokirudisha.

Ila mwaka huohuo Chevrolet ilitengeneza Camaro zaidi ya 240,000, na nyingi zilikuwa za kawaida kabisa: silinda sita za mstari, au V8 ndogo ya kwendea kazini. Kuzipa heshima ya ZL1 ni kuchanganya umri na thamani.

Tuje kwenye injini. Kipenzi cha mafundi wa Marekani ni familia ya LS, injini za V8 za General Motors, iliyoanza na Corvette ya 1997 ikiwa na lita 5.7 na nguvu-farasi 345. LS3 ya 2008, lita 6.2, ilifika 430. Mtu atasema Chevelle SS ya Chevrolet ya 1970, yenye V8 ya inchi 454, iliandikwa hadi 450, sasa faida iko wapi? Tatizo ni jinsi zilivyopimwa. Enzi zile injini ilipimwa juu ya stendi, bila kubebeshwa mizigo inayoibeba ikiwa ndani ya gari, kama altaneta na feni, na eksozi ikiwa huru. Ni kuanzia modeli za 1972 ndipo viwanda vya Marekani vilipohamia kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevalishwa vyote. Kwa hiyo 430 za LS3 zinazidi 450 za kwenye karatasi. Juu ya hapo inawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na bloku yake ya aluminiamu inapunguza makumi ya kilo puani mwa gari ukilinganisha na V8 ya chuma.

LS ina sifa nyingine isiyosemwa sana: ni nyembamba. Kemushafti yake, mhimili unaofungua vali, ni moja, iko ndani ya bloku kama kwa babu yake, V8 ya zamani ya Chevrolet, hivyo inakaa palepale alipokaa babu. Jaribu kufanya hivyo na Coyote ya Ford, lita 5.0, yenye kemushafti nne zilizokaa juu ya vichwa. Kwenye Mustang ya 1967 inagonga ile minara ya chuma inayoshika springi za mbele, na njia iliyozoeleka ni kuikata minara yenyewe na kuchomelea mfumo mwingine wa mbele. Hapo tunazungumzia kujenga upya nusu ya gari, na si haki kuuhesabu uamuzi huo sawa na kufunga LS kwa bolti.

Hata hivyo naona mabishano yote haya ya injini yanaficha suala kubwa zaidi, ambalo liko chini ya gari. Chunguza mguu wa mbele wa Camaro ya 1969. Mkono wa juu umefungwa kwa pembe ambayo, gari linapolala kwenye kona, kichwa cha tairi la nje kinainama kwenda nje badala ya kuingia ndani. Tairi linabaki limesimama kwa bega lake, na sehemu kubwa ya uso wake haigusi lami sawasawa, pale hasa unapoihitaji. Kwa matairi membamba ya enzi zile halikuwa jambo la kutisha. Kwa tairi pana la radial la leo ni kupoteza pesa. Nyuma kuna springi za mabamba. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu difu inataka kujizungusha, mabamba yanajikunja kama herufi S, yanajiachia, yanajikunja tena, na magurudumu yanadundadunda badala ya kusukuma. Breki? Camaro ya bei ya chini ilitoka kiwandani na breki za drum magurudumu yote manne. Ongeza nguvu-farasi 430 juu ya hayo na utakuwa umemkabidhi mlevi panga.

Mikono ya kisasa, koilova (springi na shokabsoba vikiwa kitu kimoja), diski nne na kisanduku cha usukani kisicho na mchezo vyote vinaweza kufungwa kwenye matundu yaleyale ya kiwandani. Vya zamani unaviandika majina, unavitia kwenye boksi, siku ukitaka unavirudisha. Ndiyo maana siwaelewi wanaoanza na injini. Wengi wao, nadhani, wanaanza na kinachoonekana boneti ikifunguliwa.

Nako kwenye injini kuna gharama ambazo picha hazionyeshi. Kabureta inaridhika na mafuta yenye msukumo wa paundi kama 6 kwa inchi ya mraba. LS inataka karibu 58. Kwa hiyo pampu mpya ndani ya tanki, mabomba mapya, regyuleta. Sampu ya oili lazima ibadilishwe isigonge kiunzi cha chini. Difu iliyotosha silinda sita inaweza kukatika meno. Kisha waya: kontrolo boksi, sensa, na mtandao uliosukwa na fundi mmoja kwa akili yake mwenyewe. V8 ya zamani ikizima barabarani, mwenye bisibisi na subira anaweza kufika nyumbani. Gari lililounganishwa kwa vipuri vya makampuni kumi halina kitabu cha ufundi popote duniani. Hili linanipa wasiwasi kuliko maombolezo ya harufu ya petroli na mngurumo wa asili, ambayo naona yametiwa chumvi. V8 iliyofungiwa eksozi nzuri bado inanguruma.

Kwa hiyo Camaro ya silinda sita iliyokwisha poteza injini yake, mimi naiachia fundi bila kigugumizi, mradi aanzie chini. SS, toleo la kasi la Camaro, yenye namba zinazolingana: miguu na breki za kufunga kwa bolti, injini ibaki ileile. ZL1 isafishwe vumbi. Na anayenunua gari lililokwisha badilishwa, kabla hajashangilia chumba cha injini kinavyong'aa, aombe mchoro wa waya. Usipokuwepo, bei ishuke.