Kujiita mkiani: ahadi hii ni ya nani?

Tuanze na fankisheni (kipande cha programu kinachopokea thamani na kurudisha jibu) ndogo ya kujumlisha namba zilizomo katika orodha, iliyoandikwa kwa lugha ya OCaml:

```
let rec jumla = function
  | [] -> 0
  | k :: mkia -> k + jumla mkia
```

Inasomeka kama maelezo ya kawaida: jumla ya orodha tupu ni sifuri, na jumla ya orodha nyingine yoyote ni kipengele chake cha kwanza kikijumlishwa na jumla ya mkia wake, yaani vipengele vilivyobaki. Ukiipa [4, 7, 2], hata hivyo, haiwezi kujumlisha 4 papo hapo. Inaishikilia hiyo 4, inajiita ili kupata jumla ya [7, 2], na wito huo wa pili nao unashikilia 7 ukisubiri wa tatu. Kila wito unaosubiri huacha deni lake kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu ambamo mashine huweka fremu moja kwa kila wito ambao haujakamilika. Orodha ikiwa ndefu mno, katika mazingira mengi staki hujaa na programu ikafa hata kabla ya jumlisho la kwanza kufanyika.

Toleo la pili linalipa deni njiani:

```
let jumla orodha =
  let rec endelea akiba = function
    | [] -> akiba
    | k :: mkia -> endelea (akiba + k) mkia
  in endelea 0 orodha
```

Hoja, yaani thamani inayopewa fankisheni, iitwayo akiba inaanza na 0, inakuwa 4, kisha 11, kisha 13, na orodha inapokwisha jibu tayari liko humo. Kwa kuwa hakuna lililobaki kufanywa baada ya endelea kujiita, kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, haina sababu ya kutunza fremu ya zamani. Inaitumia ileile upya, na mashine huzunguka kama ilivyo katika kitanzi cha kawaida. Huko ndiko kujiita mkiani. Wanaoanza hudhani kwamba mkiani maana yake ni mstari wa mwisho, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu katika toleo la kwanza pia jumla inajiita kwenye mstari wa mwisho. Kinachoangaliwa ni tendo la mwisho, na tendo la mwisho pale ni alama ya kujumlisha. Wito uko mkiani iwapo matokeo yake ndiyo matokeo ya fankisheni nzima, bila kuguswa tena na chochote.

Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza tunapouliza kama lugha ilazimike kufuta fremu hizo, na kama mwandishi wa programu ajizoeze kuandika kila kitu kwa sura hii ya pili.

Wanaosema ndiyo wana hoja ya zamani na nzito. Gerald Jay Sussman na Guy Steele walipobuni lugha ya Scheme mwaka 1975, waliona kwamba wito wa mkiani hautofautiani na kuruka hadi mahali pengine katika programu huku ukibeba hoja mkononi, na mwaka 1977 Steele alitetea kwa maandishi kwamba gharama inayonasibishwa na miito ya fankisheni inatokana na kompaila mbovu. Viwango vya Scheme hulazimisha kila utekelezaji wa lugha hiyo kuruhusu miito ya mkiani isiyo na kikomo. Kwa Scheme, basi, jambo hili ni sehemu ya maana ya lugha, na kuliita nyongeza ya kasi ni kulipunguzia hadhi. Katika lugha ya Erlang uzito wake unaonekana wazi zaidi: mchakato wa seva hupokea ujumbe, huushughulikia, kisha hujiita ukiwa na hali mpya, na unaweza kuendelea hivyo kwa miezi. Kila ujumbe ukiacha deni, seva hiyo itakufa. Tarehe tu ndiyo haijulikani.

Upande wa pili nao haukosi hoja. Mwaka 2009 Guido van Rossum, mbunifu wa Python, alieleza kwa nini hataki jambo hili katika lugha yake, na hoja iliyo karibu zaidi na kazi ya kila siku ni ya utafutaji wa hitilafu: fremu zikifutwa, mlolongo wa miito unaochapwa programu inapoanguka nao hupoteza hatua, na anayetafuta kosa hajui tena alifikaje pale. Python imebaki na kikomo chake cha kawaida cha fremu 1000, na anayetaka kuzunguka hutumia kitanzi. Kuna kichekesho kidogo hapa: toleo la 3.14 la Python lilikuja na mkalimani (programu inayotekeleza msimbo wa Python) mpya wa hiari, ulioandikwa kwa lugha ya C, ambao unategemea kompaila kuhakikisha miito ya mkiani ili uende kasi. Waliowanyima watumiaji wao kitu hicho wamekiona kinafaa jikoni kwao, ingawa kwa haki inabidi tukiri kwamba hakuna anayehitaji kusoma mlolongo wa miito ya ndani ya mkalimani huo.

Mfano wa JavaScript, lugha ya vivinjari vya wavuti, unafundisha zaidi. Kiwango cha mwaka 2015 kiliagiza kwamba miito ya mkiani isiongeze staki katika hali ya ukali (strict mode), ambayo mwandishi huichagua ili lugha ifuate kanuni kali zaidi. Injini ya Safari ilitekeleza agizo hilo. Ile ya Chrome ilijaribu kisha ikaondoa, na ya Firefox haikufuata. Sehemu ya malalamiko ilikuwa ileile ya kupotea kwa mlolongo wa miito, na likatolewa pendekezo kwamba mwandishi aandike alama ya wazi pale anapotaka fremu ifutwe. Pendekezo hilo halikufika mbali. Matokeo yake ni kwamba msimbo uleule ni salama katika kivinjari kimoja na unaanguka katika kingine.

Tukirudi kwa anayeandika, ushauri wa kugeuza kila fankisheni iwe ya mkiani unavumilika hadi unapoutazama kwa karibu. Tuchukue jumla yetu, tubadilishe namba nzima ziwe za desimali, tuipe 0.1, 0.2 na 0.3. Toleo la kwanza linajumlisha kutoka kulia: 0.2 na 0.3 ni 0.5, ongeza 0.1, jibu ni 0.6. Toleo la pili linaanza kushoto, na katika hesabu za desimali za kompyuta 0.1 na 0.2 haziwi 0.3 kamili, kwa hiyo jibu ni 0.6000000000000001. Tulidhani tumebadilisha umbo peke yake, kumbe tumebadilisha mpangilio wa hesabu. Hii pia ndiyo sababu moja inayomzuia kompaila asifanye mageuzi hayo kimyakimya kwa niaba yetu: kwa namba nzima anaweza kuthubutu, lakini kwa desimali angekuwa anabadilisha majibu.

Fankisheni inayojenga orodha ina usumbufu mwingine. Ukilimbikiza vipengele kwenye akiba, orodha inatoka kichwa chini miguu juu na lazima uigeuze mwishoni. Wengi huvumilia hilo wakiamini kwamba wamepata kasi, ilhali mwongozo wa ufanisi wa Erlang wenyewe unaitaja imani hiyo miongoni mwa ngano za lugha hiyo: kujenga orodha kwa njia ya kawaida na kuijenga mkiani kisha kuigeuza hukaribiana kwa kasi. OCaml nayo iliishi miaka mingi na List.map, fankisheni inayobadilisha kila kipengele cha orodha, isiyokuwa ya mkiani, kwa sababu toleo la kawaida lilikuwa jepesi kwa orodha fupi, mpaka mbinu ya kompaila iliyoingia katika toleo la 4.14 ikawezesha kuijenga orodha bila kulimbikiza staki, na katika 5.1 List.map ikaandikwa kwa mbinu hiyo. Katika Haskell, ambayo huahirisha hesabu hadi jibu lihitajike, akiba inaweza kubeba rundo la majumlisho ambayo hayajafanyika badala ya namba, na deni likawa limehamishwa tu. Ndiyo maana wenyeji wake husisitiza foldl' inayolazimisha hesabu, badala ya foldl, fankisheni ya kawaida ya kulimbikiza orodha kutoka kushoto.

Na miti je, yaani data iliyopangwa kwa matawi? Mti wenye mizani, ambao matawi yake yana kina kinacholingana, na vifundo milioni moja una kina cha ngazi 20 hivi. Kuupitia kwa kujiita kwa kawaida kunahitaji fremu 20 kwa wakati mmoja, na hakuna staki inayotishwa na hilo. Anayejilazimisha kuuandika mkiani itabidi atunze mwenyewe orodha ya matawi yanayosubiri, yaani ajenge staki ya pili kwa mkono, katika sehemu nyingine ya kumbukumbu, kwa msimbo mgumu zaidi kusoma. Sijaona faida yake, isipokuwa pale mti unapoweza kuinamia upande mmoja hadi ukawa orodha.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana kuhusu jambo la pili kwa umuhimu. La kwanza ni kama ahadi ya kufuta fremu imeandikwa mahali inapoonekana. Niliwahi kuongeza kinga ya makosa, ile ya try, kuzunguka mwili mzima wa fankisheni ya Erlang iliyokuwa ikijiita mkiani bila matatizo. Wito uliofungwa ndani ya kinga hiyo hauko tena mkiani, kwa kuwa kinga lazima ibaki ikisubiri kosa linaloweza kutokea. Majaribio yote yalipita, maana yalikuwa mafupi. Kumbukumbu ilipoanza kupanda polepole, nilitumia siku mbili kuchunguza kila kitu isipokuwa mistari ile.

Ndiyo maana nazipendelea lugha zinazomtaka mwandishi atamke nia yake. Clojure ina recur, na ukiiandika mahali pasipo mkiani kompaila hukataa. Scala ina @tailrec, nayo hukataa vilevile. Kotlin ina neno tailrec, lakini ukikosea hutoa onyo tu na kazi inaendelea, jambo ambalo naliona upole uliozidi. Alama hizi zote hata hivyo zinahusu fankisheni inayojiita yenyewe. Fankisheni mbili zinazoitana kwa zamu, kama hali za mashine inayosoma matini herufi kwa herufi, haziguswi nazo. Katika Clojure itabidi uzipitishe kwenye trampoline, ambapo kila moja hurudisha fankisheni inayofuata badala ya kuiita, na kitanzi kilicho nje ndicho kinachoziita moja baada ya nyingine.