Kwenye gwaride la King, vikundi vya mtaani vitangulie

Kila Jumatatu ya tatu ya Januari, miji mingi ya Marekani hufanya gwaride la kumkumbuka Martin Luther King Jr., mchungaji aliyepigania haki za Wamarekani weusi. Sina ugomvi na gwaride lenyewe. Kinachonikera ni mpangilio wake ninaouona mara kwa mara: wanasiasa mbele wakipunga mikono, kisha magari ya kampuni yenye maputo na muziki wa kuziba masikio. Kwaya za makanisa, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya akina mama hupita watazamaji wakiwa wameshaanza kukunja viti.

Historia haikwenda hivyo. Rosa Parks, mwanamke mweusi, alipokamatwa Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, King alikuwa mchungaji wa miaka 26, hajakaa sana mjini. Waliokesha usiku ule ni wanawake. Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapa maelfu ya vikaratasi vya kuwahimiza watu wasusie mabasi, na wenzake wa baraza la wanawake wakavisambaza mjini. Mgomo ulidumu siku 381. Watu walitembea, au walipanda magari ya kupeana lifti yaliyoratibiwa kupitia makanisa.

Na pesa za mafuta? Nyingine zilitoka jikoni. Mpishi Georgia Gilmore na wenzake waliuza kuku wa kukaanga, keki na pai, kisha Gilmore akawasilisha mapato kwenye mikutano ya mgomo huku watu wakishangilia. Walijiita klabu isiyotoka popote, maana mwanamke ambaye jina lake lingejulikana angeweza kupoteza kibarua. Gilmore mwenyewe alipoteza chake baada ya kutoa ushahidi mahakamani.

Najua gwaride lina gharama: bima, usafi, vyoo vya kukodi. Wafadhili wanastahili shukrani. Lakini akina mama wale walichangia wakificha majina, na mfadhili wa leo anataka bango refu kuliko basi!

Vikundi vya namna ile bado vipo. Vingine vinaandikisha wapiga kura, kazi iliyozidi kuhitajika tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoidhoofisha, mwaka 2013, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Hivyo ndivyo vitangulie, tena vipewe dakika mbili jukwaani vitaje vinachohitaji: madereva, ukumbi, watu wa kujitolea. Kampuni zifuate nyuma, spika zikiwa zimezimwa. Muziki upo tayari, bendi ya shule imefanya mazoezi.